Fundi wa Tanuru Ajaza Fomu ya Kaburi

Umewahi kujiuliza, msomaji, ni nani anayefunga mlango wa tanuru la kuchomea maiti wafiwa wakishageuza visogo?

Saa moja asubuhi, nyuma ya makaburi ya jiji, fundi mmoja anafuta kipimajoto kwa pindo la koti. Anasikiliza gesi inavyovuma, kichwa kakiinamisha kama mama anayesikiliza kifua cha mwanawe. Wenzake humwita Mzee Moto. Ana miaka hamsini na tisa. Thelathini na mmoja kati ya hiyo ameimalizia hapa.

"Nilianza na kuni," anasema. "Mwili mmoja, siku nzima. Ikaja dizeli, moshi nusura ututangulize sisi. Sasa gesi, saa mbili tu."

Makaburi yalianza kabla ya tanuru. La kwanza, la mwashi wa daraja, lilichimbwa jiji likiwa na barabara moja. Ugonjwa wa kuhara ulipopita, safu sita zikajaa kwa mwezi. Ardhi ikabana, tanuru likajengwa.

Leo zimebaki nafasi arobaini na mbili. Halmashauri imewapa kipaumbele wafanyakazi wa hapa na wenzi wao: jaza fomu, kuzikwa au kuchomwa. Mwisho ni leo saa sita mchana.

Fomu ya Mzee Moto imo mfukoni, imekunjwa mara nne, haina hata nukta.

Saa tano ikishapita, mkewe, muuza maua wa getini, anamletea chai. Fomu yake aliirudisha siku ileile zilipotolewa: kuzikwa.

"Kinyozi hajinyoi," anamwambia karani wa halmashauri aliyekuja na kalamu, "ila huyu wangu atajichoma!"

Karani anacheka. "Mzee, saa tano na nusu hii. Niandike moto?"

Fundi anatazama nje. Dirishani, familia aliyoikabidhi majivu inaingia garini. Haikukaa hata dakika tano. Ng'ambo ya njia mjane amekalia ndoo iliyopinduliwa. Anang'oa magugu kaburini, huku akimweleza mumewe jinsi paa linavyovuja.

"Chai inapoa, baba watoto," mkewe anasema. "Sema tu moto, mtoto wa watu akale."

Mzee Moto anaweka kikombe chini.

"Mama watoto, mimi nataka kuzikwa," anasema. "Nataka uje na kigoda chako, ukae, unigombeze."