Mikeka Isiyokaliwa

Harufu ya ukindu uliotiwa rangi ukaanikwa juani hunirudisha Tongoni hata niwe sokoni na kikapu mkononi. Hunirudisha kwenye nyumba ya shangazi yangu Mwanaidi, ambayo mfano wake haukuwapo pale kijijini: paa bapa la zege, kuta ndefu nyeupe, na madirisha membamba juu kabisa karibu na dari, ili mwanga uingie lakini jua lisipaushe rangi. Baraza haikuwapo. Watu waliiita bohari.

Shangazi aliijenga kwa ajili ya mikeka. Aliikusanya kwa miaka mingi, kuanzia kwetu hadi Pangani, yote kazi ya mikono ya wanawake, akaitundika ukutani, kila mmoja na nafasi yake.

"Mkeka ukutani! Kesho atatundika na mbuzi," watu walimcheka nyumba ikiwa bado inajengwa. Yeye alijibu kwamba kelele za mlango hazimharamishii usingizi, kisha akarudi kumsimamia fundi wake.

Mtihani ulikuja alipofariki mume wa jirani yetu, Bi Zuhura. Kwetu, kukiwa na msiba, mikeka haiombwi. Wanawake huingia nyumba yoyote wakachukua. Wakaingia kwa shangazi, wakaushika pembe mkeka mmoja mwekundu. Shangazi akasimama mbele yao.

"Hii haikaliwi, wenzangu."

"Mwanaidi! Maiti yu ndani, nawe watunyima mkeka?"

"Chukueni zulia, chukueni magodoro, hata mapazia. Hii hapana."

"Mkataa wengi mchawi," mmoja wao akasema, wakatoka mikono mitupu.

Shangazi akajitwika godoro lake mwenyewe, akalipeleka kilioni, akakaa huko mpaka matanga yakaondolewa. Hakuna aliyemsemesha. Mimi niliona aibu, na nasema kweli, nilimchukia kidogo. Niliona anapenda majani makavu kuliko watu.

Tangu hapo hakuna aliyepiga hodi kwake. Hata hivyo kila alasiri aliufungua mlango wazi, akafagia, akapangusa vumbi, akakaa kungoja wageni wasiokuja. Mama yangu alimsihi aigawe ile mikeka, yaishe.

"Wifi, watu wakikasirika watapoa," alijibu. "Mkeka ukichakaa haurudi."

Bi Zuhura alipotoka eda, alikuja. Alipita ukuta wa kwanza, akapita wa pili, akasimama mbele ya ule mwekundu na kuipapasa taraza ya ukingoni mwake kwa kidole.

"Huu mkono wa mama," akasema. "Wangu alionisukia uliisha kwa kukaliwa."

Akalia kilio ambacho hata siku ya maziko sikukisikia. Shangazi akaketi naye kwenye sakafu tupu, akamwacha alie.

Marehemu mama yake Bi Zuhura hakuwahi kupigwa picha. Nilikuja kuelewa ukubwani kwamba siku ile ya msiba shangazi alijua vyema ni kazi ya nani waliyoishika wale wanawake. Hakusema, kwa kuwa msiba si wakati wa kubishana, akakubali kuchukiwa.

Leo funguo za nyumba ile ninazo mimi. Karibu na mlango nimeweka rundo la mikeka ya plastiki kwa ajili ya misiba, na anayeitaka haombi. Ile ya ukutani wameshaifuata, nikakataa, wakaninunia. Wakija tena nitakataa tena, kisha nitajitwika godoro langu.