Mistari Minne Pajani

Nilimchora ng'ombe wa mama. Naanza hapo, maana nikianza kwingine nitajitetea, na kwenye kujitetea mimi ni hodari kuliko kwenye hesabu. Alikuwa na mstari mmoja wa rangi nyekundu pajani. Nikamwongezea mitatu, nikacheka.

Baba yetu hana daftari la ng'ombe. Ana kopo la rangi ya mafuta na brashi iliyobaki na nywele za kuhesabu. Mstari mmoja maana yake bwana mifugo akija amchome sindano. Miwili, atengwe na dume. Minne, auzwe, lori la mchinjaji likifika anapakiwa, hakuna maswali. Mitatu haipo, baba anasema inachanganya wajinga. Kijana tuliyemwajiri kuchunga anaifuata mistari ile kama amri za Mungu, tena afadhali amri za Mungu huwa anazivunja.

Ng'ombe wa mama alikuwa mweupe, sikio la kushoto limechanika. Bibi alimpa mama ng'ombe huyo akiwa ndama, mwaka tuliohama Usukumani kuja huku Katavi, mimi sijaanza hata darasa la kwanza. Bibi alimwambia baba mbele ya watu: "Huyu hauzwi mpaka mwenyewe aseme." Zizi lililobaki lote ni la baba. Hata sisi watoto ni wa baba. Yule mmoja tu ndiye alikuwa wa mayu, ndivyo tunavyomwita mama, na maziwa yake aliyagawa kwa anayemtaka bila kumwomba mtu ruhusa.

Sasa lawama nyingine naitupa kwa mwalimu wa bayolojia, ingawa haimfiki. Ni mwalimu wa kujitolea, ana digrii yake na mashati mawili. Ijumaa ile alitufundisha kitu ambacho alikiri mwenyewe hakipo kwenye mtihani: ubikwitini. Nilidhani ni dawa ya minyoo.

"Seli siyo dampo," akasema. "Protini ikichakaa, ikikosea kujikunja, au kazi yake ikiisha, inabandikwa alama. Alama yenyewe ni protini ndogo, hiyo ubikwitini. Ikibandikwa moja, mara nyingi protini inahamishwa tu au inabadilishiwa kazi. Zikiungana nne kama mnyororo, basi. Inapelekwa kwenye proteasomu, kinu cha seli, inasagwa vipande vipande. Kinu hakiulizi mtu ulikuwa nani. Kinaangalia alama."

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, kumbe seli nayo ina baba!"

Darasa likacheka bila kujua linacheka nini. Nikasimulia mistari ya zizi letu. Mwalimu akatikisa kichwa. "Baba yako kagundua hiyo bila kusoma, na ana ng'ombe. Mimi nimesoma, nina chaki."

Siku za shule napanga chumba Kawajense, mjini Mpanda. Wikiendi narudi kijijini, njia ya Mwese. Baba alikuwa ameenda msibani Tabora, na kabla ya kuondoka alishachora madume mawili mistari minne minne. Lori lilitegemewa Jumatano. Ng'ombe wa mayu alikuwa na mstari wake mmoja kwa sababu chuchu zilikuwa zimevimba, anasubiri sindano.

Jumapili mchana mayu alikuwa kwenye sala za jumuiya. Mimi nikamwita mdogo wangu wa kike, yuko darasa la tano, nikamfungulia chuo kikuu zizini.

"Huyu ni protini. Ana alama moja, bado anaishi. Sasa ona." Nikapaka. Mbili. Tatu. Nne. "Kwisha habari yake, anasagwa."

"Kaka, baba atakuua."

"Yuko Tabora. Nafuta sasa hivi na mafuta ya taa."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Baba alishaniambia mwezi uliopita, nilipomvalisha beberu wake sare yangu ya shule: "Upumbavu mmoja tena, unaacha shule unashika fimbo." Mayu ndiye aliyecheka siku ile mpaka akakaa chini. Kwa kweli nyumbani kwetu mtu anayecheka utani wangu ni yeye peke yake. Wengine wananivumilia.

Bodaboda akapiga honi barabarani. Nikanawa mikono, nikadaka begi. Kufuta nikasahau, hivyo hivyo, kama mtu anavyosahau kofia. Njiani tukapishana na lori tupu la ng'ombe linapanda kuelekea kwetu. Nikalipungia mkono. Dereva naye akanipungia.

Jumatatu mwalimu akamalizia somo. "Vipo vimeng'enya ambavyo kazi yao ni kubandua zile alama. Protini iliyoandikiwa kufa inaweza kuokolewa, lakini lazima viwahi. Na hata kinuni, ubikwitini yenyewe kwa kawaida haisagwi. Inabanduliwa mlangoni, inaenda kubandikwa kwa mwingine."

Nikasimama. Darasa zima likanigeukia na meno nje, linasubiri kichekesho.

"Mwalimu, naomba simu yako."

Yule mchungaji wetu alipokea akiwa juu ya kichuguu, ndiko mtandao uliko. "Lori liliwahi, walikuja jana jioni, mama yako hajarudi jumuiya. Wenye minne walikuwa watatu, nikapakia watatu."

"Na yule mweupe?"

"Si alikuwa na minne?"

Nilikimbia mpaka machinjioni na viatu vya shule. Pale wanachinja kabla jua halijatoka, kwa hiyo nilikuwa nakimbilia nini sijui. Mayu alishafika. Usiku hakuna pikipiki inayokubali kushuka njia ile. Alipanda ya kwanza alfajiri. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kitenge kimejaa vumbi, na mbele yake ngozi nyeupe imetandazwa inapakwa chumvi. Nyama ilishaenda mabuchani. Mistari ilikuwepo yote minne, haijachubuka hata kidogo. Niliipaka vizuri.

"Mayu."

"Mdogo wako kanisimulia."

"Nilikuwa nafuta. Nilisahau tu."

"Ulikuwa unafuta na nini?"

"Mafuta ya taa."

"Mafuta ya taa." Hakuinua macho. "Tangu tufunge sola, pale nyumbani umeyaona wapi?"

Hayakuwepo. Hata ningekumbuka, nisingekuwa na kitu cha kufutia. Nikaanza kumweleza habari za seli, za mnyororo, kwamba kinu hakiulizi. Nilijisikia ninavyoongea, nikanyamaza. Halafu, kwa sababu ukimya siujui, nikasema angalau huyu kapanda lori, sisi wengine tunakufa na pikipiki.

Mtu aliyekuwa anapaka chumvi akasimamisha mkono, akanitazama. Mayu hakucheka. Alisimama, akakung'uta kitenge, akairudisha ile ndoo mahali alipoitoa. Ndipo akasema:

"Baba yako akirudi, mistari nimechora mimi. Mwenyewe nimesema. Na wewe usinichekeshe tena."