Hewa ya Baba Ndani ya Chupa

Juzi, katika duka moja la Bondeni, kijana mwenye duka alifungua jokofu anitolee maziwa, na ile pumzi nyeupe ya baridi ikaniangukia miguuni. Nilirudi nyuma, nusura niangushe mizani yake. "Shosho, hata friji unaiogopa?" aliuliza akicheka. Nami nilicheka, lakini wewe, msomaji wangu, nitakwambia kweli: naam, naiogopa, tangu utotoni.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, enzi ya mkoloni. Tuliishi chumba kimoja hapo hapo Bondeni, mimi, baba na nyanya, katika safu ya nyumba za manispaa zilizonukia makaa, sabuni ya mche na githeri, mahindi na maharagwe yasiyokwisha kuchemka. Baba alipanga mikebe katika chumba cha barafu cha kiwanda cha siagi, ng'ambo ya reli. King'ora cha jioni kikilia, alirudi kabla ya kafyu, ile amri ya kutotoka nje usiku, kola ya koti lake kuukuu la jeshi ikiwa bado ya baridi, nami nilipenda kulilaza shavu langu hapo.

Jirani yetu alikuwa mwalimu, kijana mpole asiyeweza kukaa bure wakati wa likizo. Alasiri moja alitujia na kijibomba chembamba cha kioo kilichozibwa upande mmoja. Ndani yake tone la mafuta lilifungia hewa kidogo, mfano wa kizibo kinachotembea. Alikifunga kwenye rula, akakisimamisha katika sufuria ya maji yaliyochemka juu ya jiko la nyanya. Tone likapanda. Kisha akakitia katika karai la barafu ambayo baba alituletea adhuhuri, imefunikwa maranda na gunia, kabla ya kurudi kazini. Tone likashuka.

"Joto huitanua hewa, baridi huikunja," alisema. Kwa kipande cha kaa akatia alama ukutani: urefu wa hewa ile katika maji moto, na kushoto kwake, chini kidogo, urefu wake katika barafu. Akaziunganisha kwa mstari mnyoofu, akauendeleza ukiteremka, mpaka ukagusa sakafu nyuma ya mtungi wa maji. "Sakafu ndiyo sufuri. Kwa baridi ya hapa, hewa imekwisha."

"Imekwisha kabisa, mwalimu?"

"Kabisa. Karibu digrii mia mbili na tisini chini ya barafu."

"Na ukuta wangu nao umekwisha," alisema nyanya. "Chokaa utapaka wewe, mwalimu, si mimi."

Leo najua alipokosea. Kitabu kilimwambia maji huchemka kwa digrii mia, naye akasahau kwamba katika mwinuko wetu huchemka yangali karibu tisini na nne. Ndiyo maana githeri ilitusumbua hivyo. Jibu sahihi ni karibu mia mbili sabini na tatu. Najua pia kwamba hakuna chumba cha siagi kinachoweza kukaribia baridi hiyo. Lakini mtoto hapimi. Mimi niliuona mstari ukiteremka tu, na baba amesimama kwenye ncha yake ya chini, katikati ya mikebe.

King'ora kililia. Baba hakuja. Jua likazama nyuma ya paa za stesheni, na nyanya akatoka kuwauliza majirani, leso ameibana mdomoni. Nilichukua chupa tupu, nikaipunga uani ijae hewa, nikaiziba kwa gunzi la mahindi kama tulivyoziba maziwa na mafuta ya taa. Nikakimbia.

Kwenye kivuko cha reli askari wawili walinisimamisha.

"Wee mtoto! Umebeba nini?"

"Hewa."

"Nini?"

"Hewa ya baba."

Mmoja akainyakua chupa, akaishika mbali na mwili wake. Siku zile, chupa yenye gunzi mkononi mwa mtu anayekimbilia kiwanda ilidhaniwa kuwa ya petroli. Mwenzake alinielekezea bunduki. Yule wa kwanza akaling'oa gunzi, akanusa, akaipindua chupa. "Hakuna kitu," alisema. Hapo ndipo nilipoangua kilio, kwa sababu alikuwa ameimwaga yote.

Wakati huo lango la kiwanda likafunguka, wakatoka wafanyakazi waliocheleweshwa na lori la mwisho. Baba aliniona, akaiona na bunduki. Akavua kofia, akainua mikono, akaja polepole mno.

"Afande, huyo ni wangu."

"Mtoto wako anauza upepo, mzee," alisema askari akinirudishia chupa, na mwenzake akacheka. "Mchukue. Kafyu haingoji mtu."

Njiani nilimweleza yote: mstari, sakafu, hewa inayokwisha. Hakunicheka. Aliitwaa ile chupa, akaiweka mdomoni, akavuta pumzi ndefu. "Sasa nitafika nyumbani," alisema. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho, yeye aliyetoka barafuni.

Kiwanda kile sasa ni ghala la saruji. Mwalimu alihama, nyanya na baba wamelala makaburini, na sijui koti lile lilikwenda wapi. Kwa miaka mingi nilidhani baba alivuta pumzi ile ili kunifariji. Tangu nilipopata watoto wangu mwenyewe, ninapomkumbuka akija polepole kutoka langoni, mikono juu, nadhani aliihitaji kweli.