Tarumbeta yenye haipumue

Bandugu basomaji, mutulie kidogo, munisikie. Mupiga tarumbeta wa kanisa yetu alikimbia vita, na kesho iko ndoa. Basi mwalimu wa koral akapanga wimbo wote ndani ya kinanda ya umeme, na sauti ya tarumbeta.

Shiye baimbaji ba koral tumezoea: tarumbeta ikipumua, njo na shiye tunapumua. Ile ya kinanda haikupumua hata kidogo! Mama mumoja akashika benchi, macho inje, akasema:

"Mwalimu, unataka kutuzika mbele ya ndoa?"

Mwalimu akaniita: "Weye unajua kusoma sasa. Soma pale kwa buto ya kinanda."

Nikasoma minyi mwenyewe, polepole: "Sta-cca-to."

"Njo ile, inakata sauti." Akafinya buto, akaiweka kwa mwisho wa kila mustari. Tarumbeta ikakata, koral muzima ikavuta pumuzi: haaa! Bibi-arusi wa kesho, mwenye alikuya kusikiliza mazoezi, akapiga vigelegele.

Na hii vita, nani atafinya buto yake, nayo ipumue? Minyi naenda, tarumbeta inaniita. Nitarudi na pumuzi mupya.