Ndugu wa Mikunga

Marvene Wapsat alizaliwa na akili ya kuelea. Akiwa mtoto alitumwa kuni, akarudi jioni mikono mitupu, eti alikuwa akiusikiliza mto. Alipokua akapata kazi ya udobi katika zahanati ya kabila, na huko ndoto zake zikapata kwao. Mashine zile zina madirisha ya duara, na shuka zikianza kuzunguka humo na povu lake, yeye aliyaona maporomoko ya Klasket. Alisimama akitabasamu peke yake mpaka wauguzi wakamzoea. Tusimwonee lakini, shuka zake zilikuwa safi, na hakuna mgonjwa aliyelalia doa.

Klasket iko nje ya ardhi waliyotengewa watu wa kabila, kwenye ardhi ya jimbo, chini kidogo ya bwawa. Kila kiangazi mikunga hupanda pale kutoka baharini. Msomaji asicheke, simsemi mkunga wa wodi ya wazazi. Huyu ni samaki mrefu, mlaini, asiye na taya, anayejibandika kwenye mwamba kwa mdomo wa duara, akapumzika, kisha akapanda tena. Watu huingia ndani ya maji yanayoanguka, wasione mbele wala nyuma, wakawabandua kwa mikono. Ukitoka humo umelowa hadi mifupa, dunia huonekana kama imefuliwa.

Kwa miaka mingi Marvene alivuka milima kwenda kwenye vikao vya tume ya samaki na wanyamapori ya jimbo. Alisimama kwenye kipaza sauti cha wananchi, akapewa dakika tatu. Sasa, kwa desturi ya kwao, mtu akisimama mbele za watu huanza kwa kuwataja jamaa zake: mama, bibi, mto aliozaliwa kando yake. Usipowataja umewakana, na huko kwao kumkana ndugu, heri uibe. Basi kila mwaka kengele ililia Marvene akiwa bado kwa bibi yake mzaa mama. Hakuwahi hata siku moja kufika kwa samaki. Wajumbe walimshukuru kwa heshima zote, wakamwita anayefuata.

Halafu gavana akamteua kuwa mjumbe wa tume hiyohiyo, mtu wa kwanza wa makabila ya mto kukaa kwenye meza ile. Ilikuwa shangwe! Watu walikaanga mikate kwenye nyumba ndefu ya mikutano ya kabila mpaka mafuta yakaisha, wakaagiza mengine.

Aliyenuna ni mmoja, Shangazi Ardith. Huyu ndiye aliyemlea Marvene mama yake alipofariki, akamfundisha kuingia kwenye maporomoko, akampa jina la nyumbani, Povu, kwa sababu ya kichwa chake kinachoelea. Tangu siku ya uteuzi jina hilo likafa mdomoni mwake.

"Mheshimiwa, nipitishie chumvi."

"Shangazi, jamani, niite jina langu."

"Lipi? Kiti kile kina jina lake. Watakuuliza kama unatujua, na utasema hutujui."

"Nani ataniuliza kitu kama hicho?"

"Watauliza kwa lugha yao. We ngoja."

Marvene alikwenda kulia bafuni, kimyakimya, bomba likiwa wazi.

Majira ya kuchipua ukaja mpango wa kuifunga Klasket miaka mitano, asiguswe mkunga hata mmoja, ili samaki wapumzike. Bwawa linalowazibia njia halikutajwa. Pampu za mashamba ya ngano zinazonyonya mto nazo hazikutajwa. Shangazi Ardith, ambaye magoti yake yalikuwa yamekwisha na meno yake yalikuwa ya dukani, aliposikia alicheka bila furaha.

"Miaka mitano? Mimi nitapumzika kabla ya hao samaki."

Marvene alikwishawapima wenzake. Angepiga kura ya kupinga, kura zingelingana na mpango ungeanguka. Asingepiga, ungepita kwa kura moja. Mwenyekiti, mama mpole aitwaye Bi Whitcomb, alimvuta kando asubuhi ya kikao.

"Mwanasheria atauliza mambo ya ndugu. We sema tu hapana. Kila mtu husema hapana, ni utaratibu tu."

Ukumbini kiyoyozi kilinguruma taratibu, na Marvene akaanza kuelea. Alisikia maji. Aliona meza ndefu imelowa, wajumbe wenzake wamejibandika kwenye viti vyao wakipumzika, wakingoja nguvu ya kupanda tena, na akawaonea huruma. Mstari wa tatu alikaa Shangazi Ardith na shali yake ya kijani, mfuko wa mikunga wakavu magotini, harufu yake imejaa chumba kizima.

"Je," mwanasheria akasoma, "kuna mjumbe mwenye ndugu atakayeguswa na uamuzi huu? Mwenye ndugu ataondoka mezani."

Majibu yakaanza upande wa pili, yakapita mkono kwa mkono kama sahani. Hapana. Hapana. Bwana Hofstad, mkulima mzee wa ngano aliyetaka maporomoko yafungwe, naye akasema hapana, akapiga miayo. Ikafika kwa Marvene. Alimtazama shangazi yake. Shangazi aliinamisha uso kama mtu anayengoja kofi.

Marvene akasimama.

"Mama yangu ni Thelma, aliyezikwa juu ya kilima cha Klasket," alisema. "Bibi yangu ni Susan, aliyekausha samaki pale kabla ya bwawa. Yule mwenye shali ya kijani ni shangazi yangu Ardith. Amenilea. Waliokaa naye ni binamu zangu wote, hata yule anayesinzia."

Hakuna kengele iliyolia. Kengele ni ya wananchi, hakuna anayempigia mjumbe. Marvene aliingoja kwa mazoea, akaona haiji, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akavuka kwa bibi yake akaendelea.

"Na mikunga wa Klasket ni ndugu zangu. Ndiyo. Ninao ndugu. Ninao wengi."

"Basi," mwanasheria akasema kwa sauti ndogo, "itabidi uondoke mezani."

Alichukua kikombe chake akashuka. Alijua alichokitupa. Kiti walichokingojea maisha yao yote, na maporomoko pamoja nacho, kwa kushindwa kusema neno moja dogo. Alikaa kando ya shangazi yake machozi yakimtiririka. Ardith alihamisha tu mfuko wa samaki, akaupakata upande wa pili, wakagusana mabega.

Bi Whitcomb alikuwa akifungua mdomo aitishe kura, Bwana Hofstad akakohoa.

"Ngoja kwanza, mama. Mimi nina kaka." Uso ulikuwa umemwiva. "Anaitwa Leroy. Pampu zake ziko palepale juu ya bwawa. Miaka yote nimekuwa nikisema hapa kwamba sina ndugu, na Leroy ananinunulia kofia kila Krismasi."

Akavaa mojawapo ya kofia hizo, akatoka mezani. Kura zikapigwa, zikalingana, na kwa kanuni mpango usiopata kura nyingi zaidi huanguka. Mwakani watauleta tena, hilo kila mtu alilijua.

Mwezi wa saba, asubuhi, Marvene alisimama ndani ya maporomoko, maji meupe pande zote, mkono mmoja kwenye mwamba, mwingine umesahau ulichokuwa ukitafuta. Mikunga walimpita vifundoni. Hakujua tena yuko Klasket au mbele ya dirisha la mashine, na wala hakujali. Sauti ikapenya maji kutoka kwenye jiwe alilokaa mzee mwenye shali ya kijani.

"We Povu! Unaota nini humo? Lete gunia!"