Gari la Guka lenye kerea

Leo nimefukuzwa sebuleni kwa kucheka, na sijutii.

Wakwe wa dadangu walitutembelea hapa Ruiru. Hata chai haijapoa, Anko Njoroge akawatolea picha ya miaka ya hamsini: Guka, marehemu babake, ameegemea gari.

"Angalieni taa zimekaa juu ya madigadi. Hiyo ni ya kabla ya vita! Babangu alikuwa na gari wenzake wakienda Thika kwa miguu."

Baba mkwe hakubishana. Akatafuta pole pole kwa simu, akatuonyesha picha ya babake yeye.

Gari ni lile lile. Hata nambari!

Mimi nikaangalia chai yangu.

"Aii, yetu iko na kerea ya mizigo hapa juu," Anko akasema. "Yenu haina."

Hapo Cucu, mjane wa Guka, akaweka kikombe chini.

"Njoroge, hakuna gari. Hiyo ni kitambaa ya mpiga picha wa Thika, imechorwa gari. Siku hiyo kulikuwa na upepo, nikaambiwa niishike kutoka nyuma.

Hiyo unaita kerea ni vidole vyangu."

Haya, semeni ukweli: babu yenu nyinyi aliendesha kitambaa gani?