Uji Aliokoroga Dada

Mwezi uliopita nilirudi Kilosa, nikalala kwa dada, Magomeni ya hukohuko Kilosa. Kilichoniamsha ni mchakamchaka. Unaukumbuka, rafiki yangu? Vishindo vya miguu ya wanafunzi barabarani kabla jua halijachomoza, mmoja anaimbisha, wengine wanaitikia. Wengi wakiusikia hutabasamu. Mimi hupandwa na hasira.

Dada huyu ni mtoto wa mama mkubwa, na sote tulilelewa na bibi. Kila alfajiri sisi wasichana wawili tulifagia uwanja, tukachota maji bombani, tukaosha vyombo vya jana, kisha dada akakoroga uji wa dona. Harufu yake iliyochanganyika na moshi wa kuni naisikia hata sasa. Wajomba na kaka zetu walipewa vikombe vikubwa vya bati pamoja na viazi vitamu vilivyolala. Sisi tulisubiri. "Mtoto wa kike anakula akimaliza kazi," bibi alisema kila siku. Na kazi haikuisha hata siku moja kabla ya kengele ya shule. Bibi nilimpenda sana, lakini kwa hili alitukosea.

Na dada alikuwa na mbio! Mita mia nane hakuna msichana aliyemkaribia. Mwalimu wa michezo alimwahidi kwamba akishinda mchujo wa shule atakwenda Mikumi kwenye mashindano. Wiki nzima hakuwa na habari nyingine. Aliazima raba, akazifua, akazianika juu ya bati.

Siku ya mchujo, mzunguko wa pili, akiwa mbele peke yake, miguu ilimlegea akaanguka. Nilipomfikia mikono ilikuwa inamtetemeka na midomo imekauka. Mwalimu wa malezi alikuja, wala hakuuliza mtoto amekula nini. Aliuliza, mbele ya shule nzima, "Mara ya mwisho umeona siku zako lini?"

"Mwalimu, hajala tangu jana," nikasema.

"Nyamaza! Usimfichie mwenzako."

Akapelekwa zahanati kupimwa mimba. Hakuwa nayo. Nesi alimpa chai ya maziwa na mkate, na muda si mrefu dada akarudi shuleni kwa miguu yake, mzima kabisa. Jina lake lilikuwa limeshafutwa kwenye orodha ya wakimbiaji. Hakuna aliyemwomba radhi, na dada hakukimbia tena.

Basi asubuhi ile ya mwezi uliopita nikatoka uani. Binti wa dada, yuko kidato cha pili, alikuwa ameshavaa sare na anawamiminia kaka zake uji.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Na wewe umeshakunywa?"

Dada akamjibia, bila hata kugeuka. "Atakunywa akimaliza kazi."

Damu ilinichemka. Bibi hayupo, nyumba yake ya udongo ilianguka, hata vile vikombe vya bati sijui viliishia wapi. Kati ya vyote, kumbe kilichosalia ni kauli ile!

"Dada, umesahau ulivyoanguka?"

Aligeuka, mwiko mkononi. Nikajaza kikombe kikubwa, nikampa binti. "Kaa unywe. Ufagio nipe mimi."

Alikipokea kwa mikono miwili, akakaa. Lakini kabla ya kunywa alimtazama kwanza mama yake.